Anaita maksai kwenye gemu, wanaomsikia hawamjui

"Sauti ni yangu!"

"Sauti ni yako, nani kakataa? Gemu ndiyo yangu."

"Gemu gani bila ng'ombe? Na wewe ng'ombe ulimwona wapi? Buchani!"

"Mshikaji, punguza sauti, wateja wanatuangalia."

"Waangalie! Wamelipa, waangalie. Miezi mitatu nimenyamaza kama mwali, leo unakuja na begi lako la mgongoni unaniambia tufanye ya pili. Ya kwanza umeniandika mjaribu. Mjaribu! Kama mtu wa kuonja chumvi."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

Kweli hajamaliza. Ni saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi ya Sumbawanga inang'ata masikio, na Dominiko Kauzeni amesimama katikati ya chumba chake cha gemu na bisibisi nyuma ya sikio. Mkononi ana pedi ya kuchezea gemu aliyoifungua mpaka utumbo unaning'inia. Ana miaka ishirini na nane. Anayefokewa ni Lwitiko Mwaisaka, rafiki yake wa miaka sita, ameshuka kwenye basi la Mbeya jana.

Lwitiko ndiye aliyetengeneza Mkokoteni, gemu ndogo inayouzwa mtandaoni ambayo watu wa nchi za mbali wanainunua. Ndani ya gemu hiyo kuna mtu anaita ng'ombe. Mtu huyo ni Dominiko.

Sasa Lwitiko anataka sauti ileile kwa ajili ya gemu ya pili, na Jumatatu anarudi kwao. Dominiko anataka jina lake likae kwenye gemu ya kwanza, pale mwanzo kabisa, kama mmoja wa watengenezaji, si mjaribu, yaani aliyeicheza tu kutafuta makosa. Hakuna jina, hakuna sauti. Ugomvi wote ndio huo.

Chumba chenyewe kipo jirani na soko, kina mlango mmoja na dirisha moja. Ndani kuna kompyuta saba za mezani, zile nyeusi za ofisini ambazo ofisi fulani iliziuza ilipoleta mpya. Alizinunua mojamoja kwa miaka mitatu, kila moja laki moja na ishirini. Nusu saa ya kucheza ni shilingi mia tano. Siku ikiwa nzuri anaingiza elfu ishirini na tano, umeme ukikatika anafunga na elfu nne.

Mlangoni anakaa mke wake, Albina, na jiko la mkaa na sufuria ya viazi. Jiko hilo lina kazi mbili. Kila mteja akifika lazima aote moto kwanza, dakika mbili, ndipo apewe pedi. Ni sheria.

"Mwezi huu mtu akitoka nje vidole vimekufa," anasema Dominiko, ambaye hasira haimzuii kuendelea na bisibisi yake. "Akishika stiki, kile kijiti cha pedi, haisikii, anakandamiza kama anaua mende. Wiki moja, pedi imekwisha. Kwa hiyo waote kwanza. Mwingine ananuna, namwambia nenda kacheze na baridi yako kwenu."

"Na akiota anasikia harufu ya viazi," anadakia Albina. "Akisikia harufu ananunua. Kuna siku viazi vyangu vinaingiza kuliko gemu zake, ila huyo hapendi kusikia hivyo. Hapendi mtu yeyote amzidi kitu."

Dominiko anajifanya hajasikia.

Kompyuta zote saba zinatumia Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuweka kwenye mashine yake bila kununua leseni. Zamani alikuwa na Windows ya kukopi kutoka kwa watu, na kila flash iliyoingia ilileta virusi vyake. Gemu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, lakini kwenye Linux kuna programu ya bure inayozidanganya, zinadhani zipo kwao. Nyingine zinakubali, nyingine zinagoma. Dominiko anazijua zote tabia zake.

"Mimi shule niliishia kidato cha pili," anasema. "Kiingereza changu cha kuombea maji. Lakini zile amri za Linux ninaziandika nimefumba macho. Sudo, ile amri ya kuitawala mashine, ninaijua kama Baba Yetu."

Kinachomtambulisha mjini hata hivyo ni pedi. Pedi zinamfuata kutoka Laela, kutoka Matai, mpaka Kabwe kule ziwani, zikiwa zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni na kupewa makondakta. Nyingi zina ugonjwa mmoja. Stiki imechoka, haijaguswa na bado inavuta upande mmoja, mchezaji kakaa kimya huku mtu wake anatembea peke yake kuelekea ukutani. Dominiko anasafisha kwa spiriti, anabadilisha kijiti, na kisipopatikana anaingia kwenye kompyuta na kuiambia ipuuze ile miguso midogo.

Hiyo ya kuambia kompyuta ipuuze aliigundua mwenyewe. Anataka ijulikane.

Walikutana mwaka Dominiko alipoachana na majembe na kuja mjini kufanya kazi kwenye steshenari ya kutoa fotokopi. Lwitiko, ambaye baba yake ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya, alikuja kuchapisha karatasi za chuo. Alikuwa na Linux kwenye flash. Alimwekea Dominiko kwenye kompyuta ya steshenari iliyokuwa imekufa, ikafufuka.

"Alinishangaza siku ile," anakumbuka Dominiko. "Na ilinikera. Mimi nimehangaika na ile mashine wiki nzima, yeye kaja na kidude kidogo kama kucha, dakika ishirini, inawaka. Nikasema huyu lazima nimzidi."

Hakumzidi. Wakawa marafiki.

Gemu ya Mkokoteni ilitengenezwa kwenye chumba hiki, kwenye kompyuta namba tatu, asubuhi kabla wateja hawajafika. Mchezaji anaendesha mkokoteni wa ng'ombe wenye magunia ya ulezi kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, anateremka nao kwenye makorongo mpaka bondeni Ziwa Rukwa. Maksai ni wawili. Kitufe cha bega la kulia cha pedi kinamwita maksai wa kulia, cha kushoto kinamwita wa kushoto. Ukikosea wa kumwita, mkokoteni unalala na ulezi unamwagika.

Mwanzo haikuwa hivyo. Mwanzo Lwitiko alikuwa amechora ng'ombe wawili wanaofanana, na kwenye kila kona wanabadilishana pande. Dominiko alipoiona alicheka mpaka Albina akatoka kwenye viazi vyake kuja kutazama.

"Maksai hawabadilishani," anasema Dominiko. "Nyumbani tuna Diwani na Sigara. Diwani yuko kulia tangu anafundishwa, anakanyaga ndani ya mfereji wa jembe, ndiye anayenyoosha mstari. Sigara yuko kushoto, juu kwenye nyasi, yeye anafuata. Tulimwita Sigara kwa sababu asubuhi ya baridi anatoa moshi puani. Ukiwabadilisha upande wanasimama. Hata uwapige wanasimama. Ndiyo nikamwambia Lwitiko, ipe kila ng'ombe jina lake na upande wake, na kila mmoja umwite tofauti. Gemu ikawa gemu."

Akaenda kijijini na simu ya Lwitiko, akatembea nyuma ya Diwani na Sigara siku nzima akirekodi. Mluzi mmoja mrefu, halafu jina. Miluzi miwili mifupi, halafu jina. Na kile kicheko chake kidogo cha puani pale ng'ombe wanapotii. Hicho kicheko hakikupangwa.

Lwitiko anakubali yote hayo bila kubisha. "Bila huyu nilikuwa na mkokoteni unaokwenda tu kama pikipiki," anasema, akiwa ameketi kwenye kiti cha mteja na begi mapajani. "Mimi niliandika. Yeye alijua."

"Umesikia?" Dominiko anamgeukia Albina. "Kwa mdomo wake. Mbona kwenye gemu hasemi?"

Gemu ilitoka mwezi wa kumi mwaka jana, kwenye duka la mtandaoni linalouza gemu za watengenezaji wadogo wasio na kampuni. Mpaka sasa zimeuzwa nakala elfu mbili na mia tatu. Lwitiko alimpa Dominiko laki nne na pedi mpya moja. Kuhusu pesa, Dominiko hana neno. Anasema alipewa zaidi ya alivyotegemea.

Kinachomuuma ni kingine, naye anakisema wazi mbele za watu, jambo ambalo si wengi wanaweza.

"Nina wivu," anasema. "Nisiseme uongo."

Kila asubuhi kabla hajanawa uso anafungua simu na kusoma maoni ya wachezaji. Kiingereza chake hakifiki huko, anayapitisha kwenye programu ya kutafsiri. Kuna mtu ng'ambo aliandika hivi: "Huyu jamaa anayeita ng'ombe namwamini kuliko bosi wangu." Mwingine aliandika kwamba pedi yake ni ya zamani, imechoka, na kwenye gemu zote nyingine inamsumbua, lakini kwenye Mkokoteni inakwenda vizuri ajabu, akawapongeza waliotengeneza.

"Waliotengeneza!" Dominiko anagonga meza. "Hiyo ya pedi iliyochoka nilimwelekeza mimi! Kwa sababu mimi pedi zangu zote zimechoka. Yeye hata hakujua kama ni tatizo, nyumbani kwao pedi ni mpya."

Halafu ikaja redio. Kituo kimoja kilimhoji Lwitiko mwezi wa kwanza, na mtangazaji akamwomba apige ule mluzi wa kumwita Diwani. Lwitiko akajaribu. Ukatoka upepo mtupu. Wakacheka, wakaenda kwenye muziki.

"Nilikuwa hapa hapa nasafisha stiki," anasimulia Dominiko. "Nchi nzima inasikiliza, mtu anapuliza kama anapooza uji. Mimi nilipiga huo mluzi peke yangu humu ndani. Albina akadhani nimechanganyikiwa."

"Alipiga mara tano," anasema Albina. "Mtoto wa jirani akaja kuuliza kama tunauza ng'ombe."

Tangu mwezi wa tatu gemu hiyo ipo pia kwenye huduma ya kuchezea mtandaoni, ile ambayo kompyuta inayofanya kazi yote iko nchi nyingine na wewe unaletewa picha tu, kama televisheni. Ukiwa na intaneti kali unacheza hata kwa simu ya bei rahisi. Dominiko aliijaribu. Aliweka bando la elfu mbili, akachomeka pedi yake kwenye simu, akakaa nje juani.

"Nabonyeza kumwita Diwani. Kimya. Namwona Diwani kama anafikiria. Mkokoteni unakwenda korongoni, unalala, ulezi unamwagika, ndipo nasikia sauti yangu mwenyewe: Diwaniii! Naita ajali imeshatokea." Anatikisa kichwa. "Sasa niambie. Mtu yuko ng'ambo, anamwita ng'ombe wa baba yangu na anamgeukia palepale. Mimi mwenye ng'ombe nasubiri."

Siku hiyo ndiyo aliyomtumia Lwitiko ujumbe mrefu wenye maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Kisha akambloku. Hawakuzungumza tena mpaka jana jioni Lwitiko alipogonga mlango na mkungu wa ndizi kutoka kwao, Albina akaupokea, Dominiko akauangalia kama umeibwa.

Na leo asubuhi ugomvi umefika pale ulipofika.

Mteja aliyeketi kwenye kompyuta namba tatu anaitwa Happyness, anasomea uuguzi, na ndiye anayeshikilia rekodi ya chumba hiki kwenye Mkokoteni. Muda wote amecheza bila kugeuka. Sasa Lwitiko, kwa kukosa pa kutazama, anatazama kioo chake na kuona kitu kisichokaa sawa.

"Dada, samahani," anasema. "Hebu rudi mwanzo kabisa."

"Nina magunia tisa, sirudi."

"Nitakulipia saa nzima."

Happyness anarudi mwanzo. Kinatokea kioo cha kwanza, majani ya uwanda na jua, na chini kwenye kona maandishi madogo. Lwitiko anainama mpaka pua inakaribia kioo. Halafu anakaa chini sakafuni na kuanza kucheka.

"Unacheka nini?" anauliza Dominiko.

"Hili ni toleo la kwanza."

"Ndiyo gemu yenyewe."

"Dominiko. Hii ndiyo niliyokuachia kwenye flash. Siku ile ile inatoka. Hujawahi kuapdeti?"

"Niapdeti na nini? Bando la kompyuta saba analipa nani, mama yako?"

Hapo ndipo mambo yanaanza kueleweka. Kwenye chumba hiki hakuna kompyuta inayounganishwa na mtandao, kwa sababu bando ni ghali. Gemu zinaingia kwa flash na kutoka kwa flash. Dominiko aliikopi Mkokoteni kwenye kompyuta zake saba, wenzake wa Laela wakaikopi kutoka kwake, wa Matai wakaikopi kutoka Laela. Ng'ambo kila mtu anacheza toleo la sita. Ufipa nzima, kwenye makorongo yaliyomo ndani ya gemu, bado inacheza lile la kwanza.

Lwitiko anafungua begi. Anatoa kigemu cha kushika mkononi, kipana kama sahani ya wali, chenye kioo katikati na stiki pande zote mbili. Nacho kinatumia Linux, ileile ya kompyuta za ofisini. Wateja wote sita wanaacha walichokuwa wanafanya. Happyness pia.

"Kaote moto kwanza," Albina anamwambia mumewe kutoka mlangoni. "Sheria ni sheria."

Watu wanacheka. Dominiko hacheki, lakini anakwenda, anaota dakika zake mbili, anarudi. Anakipokea kile kigemu na kabla ya kuangalia kioo, kidole gumba chake kinakwenda kwenye stiki. Anaisukuma kidogo, anaiachia. Inarudi katikati na kusimama. Anaisukuma tena. Inarudi tena.

"Haina kosa hata moja," anasema taratibu, na uso wake ni wa mtu anayemtazama mke wa mwenzake.

"Angalia kioo, bwana."

Anaangalia. Kwenye kioo kuna maksai wawili wanaoonekana kwa nyuma, wamefungwa nira, wanangoja. Juu ya kila mmoja kuna jina. Juu ya wa kushoto limeandikwa Dominiko Kauzeni. Juu ya wa kulia, Lwitiko Mwaisaka. Katikati yao, neno moja: Watengenezaji.

"Tangu mwezi wa tatu," anasema Lwitiko. "Ulivyonitukana, nikakaa nikaona umenitukana kwa haki. Nikabadilisha wiki ile ile. Nikakutumia picha, na nikadhani umeshajiona kwenye gemu na bado haitoshi."

"Nilikubloku."

"Najua ulinibloku. Nimepanda basi kwa sababu ulinibloku."

Mtu mwingine hapa angemkumbatia mwenzake, wakala viazi, habari ikaishia hapo. Dominiko anasogeza kile kigemu karibu na macho. Anakitazama muda mrefu, kidole bado kinapapasa stiki.

"Umeniweka kushoto," anasema.

"Nini?"

"Kushoto. Kwa Sigara. Wewe umekaa kwa Diwani."

"Dominiko, kushoto ndiko mtu anakoanza kusoma! Nimekuweka wa kwanza!"

"Kwa wasomaji. Kwa ng'ombe mimi nafuata. Wewe unanyoosha mstari, mimi natoa moshi."

"Mungu wangu," anasema Albina, anarudi kwenye viazi vyake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, pikipiki mbili zinaelekea barabara ya Matai mpaka kijijini kwa kina Dominiko. Hajakubali kurekodi. Amesema tu kwamba anakwenda kumsalimia baba yake, na barabara ni ya serikali, anayetaka kufuata afuate. Lwitiko amefuata na begi lake.

Mzee Stephano Kauzeni amewafunga maksai tayari, maana ana mbolea ya kupeleka shambani. Mashamba yamevunwa, mabua ya mahindi yamelala, upepo unapita juu yake bila kizuizi. Diwani ni mwekundu, pembe moja imekatika ncha. Sigara ni mweusi na anatoa moshi puani kama alivyosifiwa.

"Shikamoo, baba," anasema Lwitiko.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mbeya hawapiki?"

Lwitiko anatoa kinasa sauti. Dominiko anafunga mikono kifuani na kuegemea zizi. Hataki. Kwa hiyo Lwitiko, ambaye kesho anaondoka na hana njia nyingine, anafanya jambo ambalo litasimuliwa kijijini hapo mpaka masika. Anakwenda mwenyewe nyuma ya mkokoteni na kuita.

"Diwani! Haya, Diwani!"

Diwani anacheua.

"Diwani! Twende!"

Sigara anakojoa.

"Huyu anaita ng'ombe au anaita bodaboda?" anauliza Mzee Stephano. Wanawake waliotoka kanisani wamesimama njiani. Mmoja wao, Mama Evodia wa nyumba ya pili, anamshauri Lwitiko awaahidi soda.

Dominiko anafurahi, na hafichi. Anacheka kile kicheko cha puani, kilekile kilichofika ng'ambo bila yeye. Diwani anageuza kichwa chote, nira inalia, anamtazama kwenye zizi.

"Amemsikia mwenyewe," anasema Mzee Stephano. "Hao hawasikii mtu wa laptop. Tangu wanafundishwa, sauti waliyoizoea ni ya huyu. Huyu mwanangu aliacha shule kwa ajili ya hawa wawili, nilikuwa naumwa mgongo na hakuna wa kulima. Tulikubaliana msimu mmoja. Ikawa ndiyo basi."

Dominiko anamwangalia baba yake. Sababu hiyo ya kuacha shule haikuwa imesemwa siku zote mbili. Mzee anaangalia mabua.

Lwitiko anarudi, anakaa kwenye ukingo wa mkokoteni, anafungua laptop juu ya magoti, mbolea nyuma yake. Anaandika kidogo. Haichukui hata muda wa kuchemsha chai. Anageuza kioo.

Majina yamebadilishana. Dominiko Kauzeni yuko juu ya Diwani.

Dominiko anakuja, anasoma, anasoma tena kana kwamba yanaweza kuhama.

"Sasa wewe uko kushoto."

"Niko kushoto."

"Apdeti hiyo inafika lini?"

"Kwa wenzetu, leo jioni nikipata mtandao mjini. Kwenye kompyuta zako, mpaka ununue bando."

"Niwekee kwenye flash."

Roho imetulia? Anaulizwa hivyo na anatafakari kwa haki.

"Hapana," anasema. "Jina lipo, upande upo, bado inauma. Yeye akiona kitu anajua kukiandika kikawa gemu. Mimi nikiona kitu nakijua tu, kinabaki kichwani. Hapo ndipo ninapomwonea wivu, na hapo hakuna apdeti ya mtu mwingine itakayonisaidia."

Ndiyo maana tangu mwezi wa nne ana daftari. Ameanza kujifunza kuandika gemu, kompyuta namba tatu, saa moja kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, kwa masomo ya bure yaliyoletwa na flash. Ameshaweza kumtembeza mtu mmoja kwenye kioo. Gemu anayoiwaza inahusu mtu anayevuka vilima vya Malonje siku ya upepo, na upepo wenyewe ni stiki iliyochoka. Pedi yako ikiwa mbovu zaidi, upepo unavuma zaidi. Mwenye pedi mpya atapita kwenye shwari tupu na hatajua wenzake wanacheka nini.

"Tajiri hataipata raha yake," anasema. "Itabidi aazime pedi kwangu."

Lwitiko amesikia, na macho yamemtoka. "Hiyo ni nzuri. Dominiko, hiyo ni nzuri sana. Tuifanye pamoja."

"Ya pili nakupa sauti," anasema Dominiko, akichukua mjeledi wa baba yake ulioegemezwa zizini. "Ya tatu ni yangu peke yangu. Na wewe nitakuandika."

"Utaniandika nani?"

"Mjaribu."

"Mjaribu wa kwanza?"

"Wa pili. Wa kwanza Albina."

Anapiga mluzi mmoja mrefu. Maksai wote wawili wanainua vichwa, na Lwitiko anapapasa kinasa sauti chake akitafuta kitufe. Dominiko hamsubiri. Anageuka na kuondoka kuelekea shambani, na mkokoteni unaanza kutembea nyuma yake.